Bia ya Chicago, Mtungi wa Mama Mkwe

Siku za uchumba tunaulizana mengi. Unataka watoto wangapi, ulishawahi kuumizwa, unadaiwa mkopo wa benki au huna. Lakini kuna swali moja naona wengi tunaliruka: ada yako ya shule ilitoka wapi? Mimi nilidhani jibu la mume wangu ninalo. Tukiwa wachumba aliniambia mama yake ni mkulima wa mpunga Igawa, mpunga ndio uliomsomesha, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu kamili nililipata mwaka wa saba wa ndoa yetu, tena kwa sababu ya chupa moja ya bia.

Usidhani ni hizi bia za kwenye friji la baa. Wifi yangu anaishi Chicago, na alipokuja likizo Desemba iliyopita alimletea kaka yake stauti, yaani bia nyeusi kama Guinness, lakini hii ilikuwa ya nusu lita na mdomo wake umefungwa kwa nta nyekundu. Kwenye lebo imeandikwa kilevi asilimia 13. Safari Lager ina asilimia 5.5, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: chupa ile ni karibu Safari mbili na nusu za ukubwa uleule. Ilikuwa imelazwa kwa miezi kadhaa kwenye mapipa ya wiski, halafu ikatiwa cheri, vile vitunda vidogo vyekundu vya nchi za baridi.

Mume wangu ni mtu wa kusoma mambo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Igawa ni kama kilomita 700, na sehemu kubwa ya safari alikuwa anatufundisha kuhusu chupa yake. Eti sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon iwekwe kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichobabuliwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja, mwenye bourbon halihitaji tena, ndipo watengeneza bia wanapolinunua. Kiwanda cha Goose Island cha hukohuko Chicago kikaupa mtindo huo jina kubwa kuanzia miaka ya 1990. Wifi na mimi tukawa tunaitikia tu, "Ehee, ehee," mpaka Makambako.

Kutoka Makambako unaanza kuteremka. Baridi inabaki nyuma, joto la Usangu linakupokea, na koti unalivua bila kuambiwa. Igawa iko Wilaya ya Mbarali, ndiyo mlango wa Mkoa wa Mbeya kwa anayetokea Njombe. Tulifika jioni, tukaamkia, tukala wali wa nyumbani kwa mama mkwe, mchele wenye harufu ambayo huipati kwenye supamaketi.

Baada ya chakula chupa ikatolewa. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na safari kesho yake, ziliwekwa glasi tatu ndogo. Mama mkwe akauliza, "Na yangu?"

Tukatazamana. Sikuwahi kumwona mama akigusa kinywaji. Mume wangu akacheka, "Mama, hii ni kali, siyo soda."

"Nimekuuliza yangu iko wapi."

Glasi ya nne ikaletwa. Mama hakunywa haraka. Aliinusa kwanza, akaizungusha, akaonja kidogo na kukaa nayo mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshaonja yangu: nzito kama asali, chungu kama kahawa, halafu ukali wa tunda na joto linaloshuka mpaka kifuani. Hayo ndiyo niliyoweza kusema. Mama mkwe alisema zaidi.

"Nafaka imeunguzwa, lakini aliyeiunguza alijua anachofanya, haikuwa mkaa. Tunda lake kama zambarau zilizoiva zikadondoka zenyewe. Na imekaa kwenye mti, mti wenyewe ulipitiwa na moto."

Mume wangu akabaki na glasi mkononi. Mambo aliyotusomesha kwa kilomita 700, mama yake kayasoma kwa funda moja, bila lebo wala miwani.

"Mama, umejuaje?" nikauliza.

"Mwanangu, unga wa komoni nilikuwa naukaanga kwenye bati mpaka uwe kahawia, ndiyo rangi yake inatoka pale. Ukizidisha, wateja wanahama. Ulanzi ni rahisi, mwanzi unautoa wenyewe, asubuhi ni mtogwa mtamu, ukilala umekuwa mkangafu. Komoni inataka mtu. Unaotesha ulezi upate kimea, unakausha, unasaga, unapika, unasubiri. Na mtungi wangu sikuwahi kuuosha kwa sabuni. Ule mtungi ndio ulikuwa na kazi yake. Kama hilo pipa lenu."

Nikamgeukia mume wangu. Komoni? Si mlisema mpunga?

Wifi akashindwa kuvumilia. "Kaka, tusidanganyane. Mpunga tulikula. Wewe ulisoma kwa komoni, na mimi ndiye niliyekuwa nakoroga."

Kwa wadogo zetu wasiojua, sekondari za serikali hazikuwa bure. Kabla ya ada kufutwa kuanzia Januari 2016, mzazi wa mtoto wa bweni alikuwa analipa shilingi 70,000 kwa mwaka, hapo hujaweka sare, nauli, godoro na michango. Mpunga unavunwa mara moja. Mama aliniambia aliivusha familia kwa kupika kila wiki, moshi machoni, miaka tisa. Kwenye kwaya walimwambia apumzike kwanza mpaka aachane na pombe. Alipumzika. Ada iliendelea kulipwa.

Iliyonichoma zaidi ni sentensi moja aliyoitoa kwa upole kabisa, kama anaomba chumvi. "Siku ya kuleta posa kwenu niliambiwa niseme mimi ni mkulima. Nikasema. Nilitaka mwanangu aoe."

Hakuna aliyemalizia glasi yake kwa muda.

Usiku, tukiwa wawili, mume wangu alizungumza. Shuleni walimwita mtoto wa kilabuni, na mwaka mzima alikuwa anapigana kwa ajili ya jina hilo. Halafu akakutana na mimi, ambaye baba yangu hagusi pombe na wala hapendi ikitajwa kwake. Akaona mpunga ni salama zaidi. Nikamuuliza kitu kimoja tu: mbona ya Chicago unaisifia mbele ya marafiki, unahesabu ladha zake kwa vidole, na ya mama yako umeificha miaka saba? Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ya Chicago ina lebo."

Nimelifikiria sana jibu lile. Stauti ile kali wakubwa wa Urusi waliagiza kutoka London karne ya 18, leo inauzwa kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Msingi wake ni nafaka iliyoota, moto, chombo chenye kumbukumbu na mtu mwenye subira. Mama mkwe alikuwa na vyote vinne. Na bourbon yenyewe, kwa sheria yao, lazima zaidi ya nusu ya nafaka yake iwe mahindi!

Asubuhi nilimkuta mume wangu jikoni, ameshika simu, anaandika kila mama anachosema: maji kiasi gani, kimea siku ngapi, moto wa namna gani. Mama hapiki tena, magoti yamegoma. Lakini alikuwa anajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya fundi.

Pasaka tunakwenda kwa wazazi wangu. Mume wangu amesema atamweleza baba mwenyewe, mimi nisimsaidie. Namjua baba yangu, anaweza kunyamaza nusu saa nzima. Lakini safari hii mama mkwe naye tunakwenda naye, na tumekubaliana akiulizwa kazi aliyokuwa akifanya, ajibu anavyotaka yeye.

Na wewe mwenzangu, ya kwenu ilitoka wapi? Muulizane, tena mapema, kabla hajaulizwa mama wa watu aseme ni mkulima.