Picha zilifika, lebo zikabaki

Mwezi wa tatu nilipata kompyuta nyingine. Si mpya, ila kwangu mimi ni mpya: ile ya kwanza ilikuwa imevunjika bawaba, na skrini ilizima kila nilipoisogeza. Nikanakili picha zote kwenye diski ya nje, nikazihamishia huku, kisha nikampa mdogo wangu mashine ya zamani acheze mpira humo apendavyo. Saa mbili tu, kazi kwisha.

Picha zenyewe ni 1,870, za mabango na maandishi ya ukutani hapa Lubumbashi: Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi. Ndizo msingi wa kazi yangu ya mwisho wa masomo, juu ya upatanisho wa ngeli katika Kiswahili ambacho watu wa mji wanakiandika bila kusimamiwa na mwalimu. Mtu akiandika MAKALA IKO au MUNKOYO IKO, mimi napiga picha na kuitia lebo: lugha, mtaa, ngeli ya jina, kipatanishi. (Msomaji wa pwani angedhani tunauza insha, makala yetu ni makaa.) Kwa sanifu makaa yangetaka *yapo*, na munkoyo ungetaka *upo*. Ukutani vyote vinapewa *iko*, na hakuna mteja anayerudi nyumbani bila makaa kwa sababu hiyo.

Lakini lebo nilizozithamini zaidi hazikuwa za sarufi. Baba mdogo alikuwa mchoraji wa mabango. Jioni nilikuwa nikikaa naye, nikimwonyesha picha moja moja, naye anasema: huyu ni mkono wa fulani, tazama anavyokunja mkia wa G, hii niliichora mimi, mwenye duka alitaka Kifaransa, mke wake akakataa. Nilikuwa nikiandika maneno yake palepale, chini ya picha. Amefariki mwaka jana. Daftari la mazungumzo yale halipo, kwani niliamini kompyuta ndiyo daftari.

Nilipofungua picha kwenye kompyuta mpya, zote zilikuwepo, safi, na tarehe zake. Nikatafuta *ngeli ya 6*. Hakuna. Nikatafuta jina la baba mdogo. Hakuna. Nikampigia mdogo wangu simu.

— Yaya, njo naifuta sasa, iko nazito.

— Usiguse kitu! Zima, uniletee!

Sijui kama aliwahi kunisikia nikipiga kelele namna ile.

Kosa lilikuwa langu, na ni la kuelewa vibaya mahali lebo inapokaa. Picha ya JPEG ina nafasi ndani yake ya kubeba maneno: EXIF kwa habari za kamera, kama tarehe, IPTC na XMP kwa maelezo na lebo za mwenye picha. Ndiyo maana tarehe zilifika. Lakini programu niliyotumia ilikuwa imepangwa kuandika lebo katika hifadhidata yake yenyewe, faili moja iliyojificha katika folda nyingine kabisa, na mimi sikugusa mpangilio huo hata siku moja. Nikajikuta nafikiria ngeli tena. *Kitabu* hubeba *ki-* yake popote kiendapo. *Kalamu* haibebi kitu. Ngeli yake unaijua kwa maneno yanayoizunguka. Nilikuwa nimehamisha kalamu 1,870 na kuacha sentensi zake nyumbani.

Kunakili ile hifadhidata peke yake hakukusaidia. Ilikumbuka kila picha kwa anwani yake ya zamani, herufi ya diski na jina la folda, na huku anwani zilikuwa nyingine. Ikasema picha zote zimepotea. Basi tukarudi kwenye mashine ya zamani, mdogo wangu akiishika skrini kwa mkono wake isizime. Nikabadilisha mpangilio, nikaiamuru programu iandike lebo zote ndani ya picha zenyewe. Umeme ulikatika mara mbili, na betri ile haikuwa betri tena. Ilichukua usiku mzima na sehemu ya asubuhi. Kabla ya kunakili upya nilifungua picha kumi kwa programu nyingine tofauti, nione kama lebo zinasomeka hata mbele ya mgeni. Zilisomeka.

Aibu nyingine ilijitokeza hapo: nilikuwa na lebo *kiswahili*, *Kiswahili* na *swahili*, tatu kwa lugha moja. Mtu anayehesabu upatanisho wa wenzake! Nilizirekebisha kwa siku mbili.

Picha 43 zimebaki tupu. Hizo nilitumiwa na marafiki kwa simu, nami nikiahidi kila mara kuzitia lebo kesho. Nimeanza kuzirudia mtaa kwa mtaa, nikiwauliza wenye maduka. Moja ni ukuta wa Katuba, rangi ya buluu, MAKALA IKO, na chini yake neno la Kifaransa lenye G iliyokunjwa mkia. Mwenye nyumba ni mgeni, aliukuta ukuta umeshachorwa. Mimi nadhani naujua mkono ule. Kwenye nafasi ya mchoraji, kwa sasa, nimeandika *haijulikani*.