Mazimwi Walipoanza Kusikilizwa

Wachezaji wa kwanza wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ambao ndani yake kila mtu huvaa uhusika wa shujaa, mchawi au mwizi na kuamua hatima yake kwa maneno na kwa kurusha dadu, hawakuhitaji kuuliza nani mwovu, kwa kuwa jibu lilikwisha kuandikwa kitabuni. Kila kiumbe kilikuwa na mwelekeo wa kimaadili, yaani upande kilioutumikia katika ugomvi mkuu wa ulimwengu. Hapo awali pande zilikuwa tatu, Utaratibu, Vurugu na upande wa kati, kwa kufuata riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock. Baadaye wema na uovu viliongezwa, na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 pande zilikuwa tisa, na kila upande ulikuwa hata na lugha yake. Mwelekeo huo uliwaangukia viumbe wa jamii nzima kabla hawajatenda lolote, hivyo zimwi aliyeitwa orki aliweza kuuawa pangoni mwake, na aliyemuua akatoka akihesabiwa mwema kama alivyoingia.

Mwaka huohuo wa 1978 ulitoka RuneQuest, mchezo ambao ulimwengu wake, Glorantha, ulibuniwa na Greg Stafford, nao haukuwa na kipimo hicho kabisa. Mhusika alifungwa na dhehebu lake, pamoja na miungu na miiko yake. Toleo la mwaka 1982 lililohusu troli liliwapa viumbe hao dini, historia na hata msiba, kwani liliwaonyesha kuwa taifa lililolaaniwa, ambalo mama zake huzaa watoto wengi dhaifu.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo badiliko hili la kuwaona mazimwi kama watu lilimgusa mchezaji kwa uchungu kuliko katika michezo ya kompyuta ya Richard Garriott. Ultima IV ya mwaka 1985 ilimtaka mchezaji atimize fadhila nane ili awe Avatar, mfano hai wa uadilifu, na mwisho aifikie Kodeksi, kitabu cha hekima kuu. Miaka mitano baadaye Ultima VI ilianza na Avatar huyohuyo akiwa amefungwa juu ya madhabahu, amezungukwa na gagoili, viumbe wenye mbawa wanaofanana na mashetani. Mchezaji aliyetumia saa nyingi akiwaua aligundua, alipofika katika nchi yao na kujifunza lugha yao, kwamba nao walikuwa na fadhila zao, kwamba Kodeksi ilikuwa yao, na kwamba kuondolewa kwake kuliandamana na kuporomoka kwa ulimwengu wao. Katika unabii wao, nabii wa uongo alikuwa yeye.

Wako waliouita mchezo huo ushahidi wa maadili nisbi, yaani mtazamo kwamba jema na baya ni mila tu za kila jamii na hakuna mizani inayozivuka. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao, kwa sababu uharibifu uliowapata gagoili haukuwa wa haki kwa kipimo cha jamii yoyote kati ya hizo mbili, na pigo la hadithi linatokana na hilo hasa. Jamii ya kijivu, ile isiyo nyeupe wala nyeusi, haifuti kosa. Huliondoa kosa kwenye ngozi na pembe za mtu na kulirudisha kwenye tendo lake.

Michezo ya mezani ilifika huko polepole. Eberron, ulimwengu wa mchezo uliobuniwa na Keith Baker na kutoka mwaka 2004, uliwafanya baadhi ya orki kuwa walinzi wa kale wa dunia dhidi ya wazimu wa nje yake, na mwaka 2020 wachapishaji wa Dungeons & Dragons walitangaza kwamba orki wangeonyeshwa kuwa watu wenye utata wa kimaadili na kitamaduni sawa na wengine. Lakini muda mrefu kabla ya hapo, mwishoni mwa Ultima VI, mchezaji alikuwa amekwisha kuirudisha Kodeksi utupuni na kupanga lenzi mbili, moja ya wanadamu na nyingine ya gagoili, ili mfalme wa upande huu na wa upande ule waweze kuisoma.