Taa sitini na nne na betri ya Mama

Wiki hii ni zamu yangu kuandika, nami nitaandika juu ya kitu ambacho karibu kinifukuzishe nyumbani.

Asubuhi moja Mama aliamka akakuta simu tatu za wateja hazijajaa. Hapa Nakivale ukirudishia mtu simu yenye nusu ya chaji, kesho anakwenda kwa jirani. Mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Hii kitu yako iko nakula betri yangu."

"Kitu changu" ni kibao cha taa ndogo za LED, safu 8 kwa nguzo 8, yaani taa 64, kinachoandika CHAJI 500 herufi moja moja, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku. Kinaendeshwa na Arduino Uno niliyobaki nayo baada ya mafunzo. Nilikiweka mlangoni ili wateja watuone gizani. Kwa kweli na marafiki pia wakione, nisidanganye.

Taa hizo haziwaki zote pamoja. Programu inawasha safu ya kwanza, inazima, inawasha ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nane, halafu inaanza upya, haraka mno hata jicho linaona herufi nzima. Siku ya kwanza niliunga safu moja kwa moja kwenye pini za Arduino. Kumbe safu ikiwaka yote, taa 8 za miliampia 10 kila moja zinapitisha 80 kwenye pini moja, na kikomo cha pini ni 40. Pini ya 9 ikafa. Mpaka leo haijafufuka. Fundi mmoja wa redio alinipa transista 8, ndizo zinazobeba mzigo wa safu sasa.

Basi, Mama akitaka mwanga upungue, unapunguzaje? Taa ya LED hupunguzi kama koroboi. Unaiwasha na kuizima mara nyingi, na kadiri inavyokaa imezimwa ndivyo jicho linavyoiona hafifu. Uno ina pini 6 tu zinazofanya hivyo zenyewe, mimi nina nguzo 8. Ikabidi kazi hiyo niifanye kwa programu: kwenye kila safu inahesabu, na hesabu ikifika kiwango nilichotaka, taa inazimwa.

Tamaa ikaniponza. Niliweka viwango 256, maana ndivyo nilivyoona kwenye mifano. Kibao kikaanza kupepesa kama macho ya mtu aliyeingiwa na vumbi. Nilikesha natafuta waya uliolegea, kumbe waya hazikuwa na kosa. Kila hatua ilichukua kama mikrosekunde 40. Hatua 256 mara safu 8 ni 2,048, hiyo ni karibu sekunde 0.08 kumaliza mzunguko mmoja. Mizunguko 12 tu kwa sekunde! Jicho lolote litaona. Nikashusha mpaka viwango 16, hatua zikawa 128, mizunguko ikapanda karibu 195, na kibao kikatulia kabisa.

Nikaweka kiwango cha 8, nusu, nikamwita Mama kwa majivuno. Akaangalia. "Hujapunguza kitu." Nilikuwa karibu kubishana, halafu nikatoka nje nikaangalia kutoka barabarani. Alikuwa na haki. Jicho halihesabu kama programu: ukikata mwanga nusu, lenyewe linaona umepungua kidogo tu. Huko chini, hatua moja tu, kutoka 2 kwenda 1, linaiona zaidi kuliko hatua moja ya huko juu. Kwa hiyo sasa natumia 1, 2, 4, 8 na 15 tu, vingine nimeacha. Kwa usiku wetu nimechagua 3, nje ya orodha yangu mwenyewe, kwa sababu Mama aliichagua akiwa amesimama kwa jirani.

Halafu nikaazima mita. Kabla: miliampia 90. Baada: 58. Nilitegemea itashuka zaidi, lakini karibu 50 zinaliwa na bodi yenyewe hata taa zote zikizimwa. Kwa saa 5 nimeokoa miliampia-saa 160 za betri ya volti 12. Nilipomweleza hivyo Mama aliniangalia tu, basi nikapiga hesabu kwa lugha yake: ni karibu nusu ya chaji ya kitochi kimoja.

"Kwa siku mbili, simu moja," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Miatano."

Kibao kimebaki mlangoni. Zile 50 za bodi ameshaziulizia, nami nimemwahidi mpaka mwisho wa mwezi. Chipu yenyewe inaweza kulala katikati ya kazi, ila bodi ina vitu vingine visivyolala. Mwenye kuweza kuunga chipu bila bodi yake, naomba anitafute kabla ya tarehe 30.