Mpishi wa Dengu

Wahenga walinena kuwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaitolea mifano na kuitungia maswali ya mtihani. Hata hivyo, haikunijia akilini jioni ile nilipoketi na kaka yangu sebuleni mwangu kule Mayoni, karatasi ya makubaliano ikiwa mezani baina yetu, nikanunua kwa bei ya shida kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu baba yetu. Makala haya ni maungamo ya jioni hiyo. Aidha, ni maelezo ya jinsi kitabu cha Mwanzo, ambacho nilidhani nakijua, kilivyonifunza upya mambo niliyokuwa nikiwafunza wengine.

Mayoni ni soko dogo kando ya barabara itokayo Mumias kuelekea Bungoma, katika eneobunge la Matungu, Kaunti ya Kakamega. Kwa sisi tuliozaliwa huko, miwa ndiyo iliyokuwa kalenda. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, na kwa muda wa kizazi kizima karo, mahari na mabati ya nyumba vilitegemea mavuno hayo. Miwa huchukua takriban miezi 18 au zaidi kukomaa. Kwa hivyo mkulima alijifunza kuishi kwa kungoja. Kiwanda kilidhoofika mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikikidai. Wakati huo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kung'oa miwa na kupanda mahindi. Penye dhiki kama hiyo, mwenye fedha taslimu huwa mfalme mdogo. Mimi, mwalimu wa shule ya upili mwenye mshahara wa kila mwezi, nilikuwa mmoja wa wafalme hao.

Baba alituachia ekari nne. Tulipogawana mwaka wa 2011, wazee wa ukoo walimtaka kaka, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, achague kwanza. Alikataa. Alinigeukia akasema, "Chagua wewe, ndugu yangu. Mimi nitachukua kitakachobaki." Nilichagua upande wa chini ulio karibu na kijito, wenye udongo mweusi. Kaka akabaki na upande wa juu wenye changarawe, unaopakana na barabara. Sikuwaza kwamba tendo hilo lilikuwa limekwisha kusimuliwa katika sura ya 13 ya Mwanzo. Humo Abramu, aliye mkubwa kwa umri na kwa heshima, anampa Lutu, mwana wa nduguye, nafasi ya kuchagua kwanza. Naye Lutu anatupa macho na kulichagua bonde lenye maji. Nilipokea wema wa Abramu kwa pupa ya Lutu, nikamshukuru Mungu kwa kunibariki.

Miaka ikapita. Soko la Mayoni likapanuka, vibanda vikageuka maduka, na shamba la changarawe la kaka likapanda bei kuliko udongo wangu mweusi. Januari ya mwaka wa 2020 binti yake mkubwa aliitwa kujiunga na kidato cha kwanza. Kaka alikuja kwangu Jumamosi jioni, viatu vyake vimejaa vumbi, kwa maana alikuwa ameshinda akizunguka kwa jamaa na marafiki akitafuta mkopo. Aliniomba shilingi 50,000, akaahidi kunilipa baada ya kuvuna mahindi. Fedha hizo nilikuwa nazo. Lakini badala ya kusema ndiyo au la, nilimwambia kuwa mikopo huleta chuki baina ya ndugu, na kwamba ingekuwa heri aniuzie nusu ekari ya kando ya barabara. Bei niliyoitaja haikufika hata theluthi ya ile ambayo mgeni angeitoa.

Kaka aliitazama mikono yake kwa muda. Mke wangu akaandaa ugali na maharagwe. Tulipomaliza kula, nilitoa kalamu nikaiandika hati mimi mwenyewe, kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa hata moja la sarufi. Akatia sahihi. Usiku huo nilijiliwaza kwa sentensi tatu: ametaka mwenyewe, nimemsaidia, shamba limebaki katika ukoo.

Mapema mwezi wa Machi ilikuwa zamu yangu kufundisha watoto katika shule ya Jumapili. Somo lilitoka sura ya 25 ya Mwanzo: Esau anarejea kutoka nyikani akiwa hoi kwa njaa, anamkuta Yakobo akipika dengu, anamwuzia haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula hicho. Nililifundisha kama nilivyofundishwa. Niliwaonya watoto wasiwe kama Esau, mtu wa tumbo, asiyeona mbali, aliyedharau urithi wake. Nilipouliza kama kulikuwa na swali, msichana mmoja wa darasa la tatu aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa nini Yakobo hakumpa tu ndugu yake chakula?"

Nilifungua kinywa nikakosa la kusema. Watoto wakanisubiri. Hatimaye nikasema kuwa hilo tungelizungumza Jumapili nyingine. Jumapili hiyo haikuja. Mwezi huohuo ugonjwa wa Korona uliingia nchini; shule zikafungwa, makanisa nayo yakafungwa. Binti wa kaka akarudi nyumbani na sanduku lake. Kumbe karo iliyogharimu nusu ekari ilikuwa imenunua miezi miwili na siku chache.

Nikawa sina darasa la kufundisha wala mimbari ya kujificha nyuma yake. Nikaamua kukisoma kitabu cha Mwanzo chote, mfululizo, kama tunavyosoma riwaya. Kitabu hiki kina nafasi maalumu katika historia ya lugha yetu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alianza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili kwa kitabu hichohicho, na sura zake tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847. Mimi nilikuwa nikisoma tafsiri ya Muungano ya mwaka wa 1952, nakala ya marehemu baba, iliyolegea jalada.

Jambo la kwanza nililolitambua ni kuwa msimulizi wa Mwanzo hahubiri sana. Anasema kwamba Esau aliidharau haki yake, lakini hamsifu Yakobo hata kidogo. Anaviacha visa vyenyewe viseme. Yakobo anamlaghai baba yake kipofu kwa mavazi ya nduguye na ngozi za wana-mbuzi. Miaka mingi baadaye wanawe mwenyewe wanamlaghai kwa vazi la Yusufu lililochovywa katika damu ya mbuzi. Yakobo anamtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, anapewa Lea, na anapolalamika anaambiwa kuwa katika nchi ile mdogo hatangulii mkubwa. Ni nani asiyesikia kejeli ya jibu hilo? Mdogo aliyempiku mkubwa wake nyumbani kwao anafunzwa ugenini kuwa mkubwa ana haki yake.

Jambo la pili ni la kiisimu, na nadhani litawavutia wasomaji wa jarida hili. Katika Kiebrania, haki ya mzaliwa wa kwanza huitwa bekora, nayo baraka huitwa beraka. Esau anapolia katika sura ya 27 kwamba amenyang'anywa vyote viwili, maneno hayo yanapishana kwa mpangilio wa sauti tu. Neno beraka ni la ukoo mmoja na baraka yetu, iliyotufikia kupitia Kiarabu. Sasa tazama yanayotokea katika sura ya 32 na ya 33. Yakobo anarudi kwao kwa hofu, anatanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500, anamsujudia nduguye mara saba. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wanalia. Esau anasema kuwa anavyo vya kumtosha. Yakobo anamsihi azipokee zawadi zile, na hapo anaziita kwa neno lilelile, beraka. Alichokichukua kwa hila anatafuta kukirudisha kwa jina lake. Baraka iliyopatikana kwa kumkandamiza ndugu haikumpa Yakobo usingizi mpaka alipoikabidhi mikononi mwa huyo aliyemdhulumu.

Niliifunga Biblia ya baba nikatambua kuwa maisha yangu yote nilikuwa nimekisoma kisa kile kwa jicho la mnunuzi. Mahubiri mengi niliyoyasikia yalimkemea mwenye njaa. Ni machache mno yaliyomhoji mwenye chungu jikoni. Na mwenye chungu, katika nyumba yetu, nilikuwa mimi.

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, nilimfuata kaka shambani. Alikuwa akipalilia mahindi, naye Mama ameketi chini ya mwembe akichambua maharagwe. Nilimpa kaka ile karatasi. Ilikuwa bado haijafika mbele ya bodi ya ardhi, na bila idhini ya bodi hiyo uuzaji wa shamba la kilimo haukamiliki kisheria.

"Kaka, nimekuja kuirudisha," nilisema. "Shamba ni lako. Nilikukosea."

Hakuipokea. "Irudishe nyumbani kwako. Mimi niliuza."

"Sikukulipa bei ya haki."

"Najua," alisema, bila kupandisha sauti. "Ulidhani sijui bei ya shamba la kando ya barabara? Nilijua siku ileile. Lakini mtoto alitakiwa kuripoti shuleni Jumatatu."

Katika maneno yote niliyowahi kuambiwa, hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi. Nilikuwa nimejifariji kwamba kaka hakuona hila yangu. Kumbe aliiona, akaila pamoja na ugali wangu, akanyamaza kwa ajili ya mwanawe. Tulisimama pale bila neno. Nikasema basi fedha zile ziwe zawadi kwa binti yake. Akatikisa kichwa: yeye si ombaomba.

Hapo Mama akaweka ungo chini. Mama yangu si Rebeka. Hajawahi kumpendelea mmoja wetu akamtafutia mwingine mtego. Alisema polepole, "Mwaka wa 1998 mmoja wenu alitoka kidato cha pili ili mwingine aingie kidato cha kwanza. Siku hiyo ni nani aliyeandika karatasi?"

Hakuna aliyejibu. Baba hakuweza kuwalipia karo wawili, na kaka ndiye aliyelishika jembe. Sijawahi kulisahau jambo hilo; nililolisahau ni kwamba lilikuwa deni. Kaka aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akasema kwamba 50,000 zile ni mkopo, kama alivyoomba tangu mwanzo, na kwamba angezilipa.

Nilitaka kukataa. Mama akanitazama, nikanyamaza. Baadaye nilielewa kuwa kusamehe deni ambalo mtu anataka kulilipa huweza kuwa njia nyingine ya kusimama juu yake. Kaka alilipa kwa magunia ya mahindi, kwa misimu mitatu. Niliyapokea yote, nikashukuru kila mara.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tulirudi tulivyokuwa. Kitabu cha Mwanzo nacho hakidanganyi. Baada ya kukumbatiana, Esau anaelekea Seiri, naye Yakobo, aliyeahidi kumfuata, anakwenda Sukothi. Wanakutana tena katika simulizi siku ya kumzika baba yao. Kwa muda mrefu kaka alinitembelea, akaketi, akazungumza, lakini hakula kwangu. Kila alipokaribishwa mezani alisema ameshiba. Ilinipasa kungoja, kama mkulima wa miwa angojavyo. Siku aliyonawa mikono na kukaribia meza bila kuombwa, hakuna aliyesema neno. Mke wangu alimwongezea mboga, nami nikainama juu ya sahani yangu ili machozi yasionekane.

Wenzangu katika Chama, sisi ndio tutakaoitwa na jamaa zetu kuandika hati, kusoma barua za ofisini na kufasiri vifungu vya sheria. Kisomo chetu ni chungu kilicho jikoni wakati wenzetu wanarudi kutoka mashambani wakiwa hoi. Tabia ya Mkristo, au ya muungwana yeyote, haipimwi siku anapokuwa na njaa peke yake. Hupimwa pia siku anapokuwa na mwiko mkononi na nduguye amesimama mlangoni.

Shule na makanisa vilipofunguliwa tena, nilimtafuta yule msichana. Alikuwa ameongezeka kimo, na swali lake alikuwa amelisahau. Nilimkumbusha, nikamwambia kuwa sasa nina jibu: Yakobo angeweza kumpa tu chakula, na ilimchukua miaka mingi kulijua hilo. Alitafakari kidogo, akasema, "Basi angempa mapema." Kisha akakimbilia wenzake waliokuwa wakicheza nje.