Sauti Inayovuka Mutukula

Chumba kidogo chenye televisheni, mabenchi na joto la kukosesha pumzi, Kiswahili cha mitaani hukiita kibanda umiza. Kampala nako chumba cha namna hiyo huitwa kibanda, na vikizidi kimoja Waganda husema bibanda pale sisi tunaposema vibanda. Tofauti ni ya herufi moja tu, na Mhaya wa Hamugembe hasikii ugeni wowote katika matamshi hayo mawili, kwa kuwa hata lugha ya mama yake hutumia bi- mahali Kiswahili kinapotumia vi-. Neno hili limevuka mpaka bila pasipoti. Nataka kuzungumzia kinachosemwa ndani ya vibanda hivyo, maana naona kwamba mpaka wa kitamaduni katika pembe hii ya Afrika umehama, na aliyeuhamisha ni mtu ambaye sisi walimu wa lugha hatujamtazama kwa makini: mfasiri wa filamu.

Tuanze na mpaka wenyewe. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni takriban kilomita 80. Kabla ya mwaka 1890 hapakuwa na Mutukula kama tuijuavyo. Tarehe 1 Julai mwaka huo Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba magharibi ya Ziwa Viktoria mali zao zitenganishwe na mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta. Mstari huo haukujali mto wala kilima, sembuse ukoo. Mto Kagera unapita kusini yake, hivyo nchi ya Missenyi ikabaki Tanganyika ilhali imekaa ng'ambo ya mto. Watu waliokuwa wakioana, wakiuziana kahawa na kuelewana bila mkalimani wakajikuta raia wa serikali mbili. Maji kwetu ni amaizi, kwa Waganda ni amazzi. Nyumba kwetu ni enju, kwao ni ennyumba, na hapo Mganda amekaa karibu na Mswahili kuliko sisi tulio ndani ya Tanzania.

Mstari huo uliochorwa Ulaya kwa rula ulikuja kulipiwa kwa damu. Nilikuwa kijana wa sekondari Oktoba 1978, ndege za Uganda ziliporusha mabomu Bukoba na watu wakabeba watoto na magodoro kuelekea vijijini. Idi Amin alidai kwamba mpaka wa haki ni mto, akaitwaa nchi yote ya ng'ambo, na mwezi Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mwisho wake kila mwanafunzi wa historia anaujua: tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ni la lugha. Askari waliotuvamia walizungumza Kiswahili. Jeshi la Uganda lilikirithi kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Ndiyo maana Kiganda humwita askari omuserikale, neno lililochongwa kutokana na serikali yetu. Kwa Mtanzania wa umri wangu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya Azimio la Arusha na ya kuitana ndugu. Kwa Mganda wa umri huohuo kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Lugha moja, pande mbili za mstari, na kila upande ulisikia jambo lake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, wengi huku walishangilia kana kwamba jirani amekumbuka kitu alichokisahau. Mimi niliwaza juu ya masikio ya wazee wa kule.

Sasa tuingie sinema. Tangu ilipoanza kuletwa kwa watu wa vijijini huku Afrika Mashariki, filamu ilikuja ikiwa na msemaji kando yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kikoloni wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zake hazikuwa na sauti ndani. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, na gari lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wakoloni walimtaka msemaji huyo aeleze namna ya kutunza udongo na kuepuka magonjwa. Hawakujua kwamba walikuwa wakiwazoesha watazamaji wetu kutegemea sauti ya mtu wa kwao juu ya picha ya mtu wa mbali.

Ilipokuja mikanda ya video, sauti hiyo ilirudi bila ruhusa ya serikali yoyote. Kampala wakatokea wale wanaoitwa VJ, wanaozungumza Kiganda juu ya filamu za Marekani, za Kihindi na za Kichina. Filamu ya namna hiyo huitwa enjogerere, jina linalotokana na kitenzi cha kusema katika kauli ya kutendea: iliyosemewa. Dar es Salaam akasikika Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na Kenya akavuma DJ Afro. Katika vibanda vya Bukoba utazikuta sauti za pande zote. Nimewaona vijana wa Hamugembe, wasiowahi kufika Masaka, wakicheka kwa wakati wake mzaha wa Kiganda uliotiwa kinywani mwa mpiganaji wa Hong Kong. Hakuna mwalimu aliyewafundisha Kiganda. Wamekifuata kwa daraja la Kihaya, na filamu ikawa kitabu chao cha mazoezi.

Zipo njia nyingine ambazo filamu imezivukia mipaka. Mwaka 2006 marehemu Steven Kanumba alicheza na Mercy Johnson wa Nigeria katika filamu ya Dar 2 Lagos, na watu wakaamini kwamba Afrika imeanza kutazamana yenyewe. Nilifurahi kama wengine, ingawa niliona kwamba daraja kati ya Dar es Salaam na Lagos lilijengwa kwa Kiingereza. Hata filamu zetu za Kiswahili kitupu zikawa zinauzwa kwa majina ya Kiingereza, mfano wa mtu aliyevaa kanzu kisha akafunga tai juu yake. Mfasiri wa kibandani amefanya kinyume. Yeye huichukua filamu ya mbali na kuiketisha mkekani. Mji wa New York unakuwa Manzese, jambazi anapewa jina la mtaani, na mama anayelia anapewa methali ya kujifariji.

Wenzangu kadhaa katika taaluma hawapendi mambo haya. Hulalamika kwamba mfasiri huyo anaongeza, anapunguza, anavunja upatanisho wa kisarufi na kutia matusi. Malalamiko yao yana ukweli, nami nimesahihisha insha za kutosha kuutambua. Hata hivyo, jambo nililolishuhudia miaka michache iliyopita lilinifanya nimsikilize kwa namna nyingine.

Kibanda kimoja cha mtaani kwetu kilionyesha Rise and Fall of Idi Amin, filamu iliyotengenezwa mwaka 1981 na Sharad Patel wa Kenya, ambamo Joseph Olita alimwigiza Amin. Ilikuwa imesemewa kwa Kiswahili. Nilikaa benchi la nyuma kwa sababu nilitaka kusikia. Mfasiri aliwapa askari wa Amin Kiswahili cha kambini, kile kisichojua ngeli wala nyakati: "Wewe mama, leta ile ng'ombe yote! Mimi hapana taka maneno!" Vijana waliangua kicheko. Wakati huo mama mmoja mzee, jirani yangu, mzaliwa wa ng'ambo ya mto aliyekimbia mwaka 1978, alikuwa amesimama mlangoni akimtafuta mjukuu wake. Yeye hakucheka. Aliniambia kwa Kihaya, nami nayaandika kwa Kiswahili:

"Mwalimu, huyu anayesema alikuwapo?"

"Hapana, Mama. Kwa sauti yake, nadhani hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa."

"Basi nani kamfundisha? Ndivyo walivyosema siku waliyochukua ng'ombe wa baba watoto wangu."

Alimshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Nimelifikiria swali lake mara nyingi. Nani kamfundisha? Bila shaka alikisikia Kiswahili hicho kwa wajomba, kwa walevi, kwa wachekeshaji waliowaiga askari. Mzaha uliokuwa ukipita mdomo kwa mdomo umetunza lafudhi ya vita ambayo haimo katika kitabu chochote nilichofundishia. Vitabu vilitupa tarehe na majina ya majenerali. Kijana mwenye kipaza sauti, akitafuta kicheko, alirudisha sauti iliyosikika zizini. Waliocheka na yule ambaye hakucheka walikaa katika chumba kimoja, chini ya bati moja, na mpaka uliowatenganisha ulikuwa wa kumbukumbu. Kijana wa leo akisikia Kiswahili kibovu anasikia kichekesho. Yule mama alisikia amri.

Wahaya tuna mfano wa zamani wa sanaa hii. Mpiga enanga aliketi na chombo chake mbele ya watu, akatamba habari za wafalme na mashujaa. Hakurudia maneno ya mtu mwingine kama kasuku. Alikatiza kisa, akaitania hadhira, akaingiza mambo ya siku ile. Profesa Mugyabuso Mulokozi, katika makala ya mwaka 1983, aliuliza iwapo watambaji hao ni watunzi wa tendi, na kazi zake zimeonyesha kwamba wanastahili kuhesabiwa hivyo. Mfasiri wa filamu anafanya kazi ya jamii hiyo: kisa amepewa, sauti ni yake, hadhira iko mbele yake. Tukikubali kwamba enanga ni fasihi simulizi, sioni hoja ya kumfungia mlango huyu wa kibandani.

Lakini kumheshimu hakuna maana ya kutomdai. Filamu iliyoijulisha dunia habari za Amin kuliko nyingine yoyote ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Dunia ilimwona Amin kupitia macho ya daktari kijana kutoka Scotland, mhusika wa kubuni. Kyaka haimo kwenye macho hayo, wala yule mama na ng'ombe wake. Mfasiri anaweza kutia maneno yetu juu ya picha hiyo, ila hawezi kutia watu ambao kamera haikuwaelekea. Hapo ndipo uwezo wake unapoishia, na hapo ndipo tunapohitaji watengenezaji wa filamu. Amil Shivji ameonyesha njia katika Vuta N'kuvute, aliyoitoa katika riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na safari hii wageni ndio waliosoma maandishi ya tafsiri chini ya picha huku watu wa Unguja wakizungumza lugha yao. Zamu ya kutafsiriwa nayo ni heshima.

Kagera tuna vita, tuna ziwa, tuna enanga, tuna ndugu waliokatwa na mstari. Kinachonisumbua ni kwamba katika sauti zote zinazosikika ndani ya vibanda vyetu, Kihaya hakimo. Kimekuwa daraja ambalo Kiganda na Kiswahili hupita juu yake, kila mmoja na mzigo wake. Mjukuu wa jirani yangu anakisikia kwa bibi, kisha anakwenda kucheka kwa lugha nyingine. Daraja likipitwa kila siku bila kutengenezwa, huchakaa, na likianguka, vijana watakaofuata hawatakuwa na njia ya kuufikia mzaha wa Masaka.

Kwa hiyo natoa ombi dogo kwa walimu wenzangu walio bado madarasani. Wapeni wanafunzi kazi ya kurekodi mfasiri mmoja wa filamu, waandike alichokisema neno kwa neno, kisha wakisome kama wanavyosoma utenzi: tamathali, urudiaji, mzaha, hata makosa. Halafu wakae na mzee mmoja aliyevuka Kyaka mwaka ule, wamrekodi naye katika lugha yake, kabla hajaondoka na maneno yake. Rekodi hizo mbili zikiwekwa pamoja, huenda siku moja mtu mwenye kamera akajua aanzie wapi. Mimi kwa sasa nina ubeti mmoja tu wa kuchangia:

Mpaka ulikuwapo, sheria yake nzito,
Ukalindwa kwa viapo, kwa risasi na kwa moto,
Leo neno lipitapo, hucheka hata mtoto,
Bali Kihaya ki papo, kimya mithili ya mto.