Umbo, Nasaba na Kazi: Tatizo la Kumpangia Farasi Kundi Lake

Neno farasi limewasumbua kwa muda mrefu wanaosomea sarufi ya Kiswahili. Kwa umbo lake, neno hili lililotokana na Kiarabu halibadiliki katika umoja na wingi, na kwa hiyo huwekwa safu moja na nguo, kalamu na nyumba. Lakini mara liingiapo katika sentensi huiacha safu hiyo: husemwa farasi wangu amechoka, wala haisemwi farasi yangu imechoka. Ndipo huzuka swali ambalo wanaisimu wamelijadili kwa miaka mingi: je, nomino ipangwe kwa umbo lake au kwa upatanisho wake katika tungo? Swali hilo lina ndugu yake katika mahali pasipotarajiwa, nalo ni viwanja vya maonyesho ya farasi nchini Uingereza, ambako mwenye farasi hana budi kuamua mnyama wake aingie kundi gani kabla mwamuzi hajamtia machoni.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa chini ya neno aina. La kwanza ni nasaba, yaani ukoo ulioandikwa daftarini. Farasi wa Kiarabu, farasi wa mbio, au farasi wadogo wa asili kama wa Shetland, Exmoor na Connemara, hutambulikana kwa wazazi wao. Bila hati ya usajili hawakubaliwi katika makundi ya nasaba zao, hata wangekuwa wazuri kiasi gani. La pili ni kile ambacho hapa kitaitwa sampuli: mkusanyiko wa sifa za mwili, mwendo na tabia zinazomfanya farasi astahili kazi fulani. Sampuli haiulizi baba ni nani. Farasi wa mawindo anaweza kuwa na damu ya farasi wa mbio, ya farasi wa kazi wa Ireland, au mchanganyiko wa zote mbili. Kinachotazamwa ni uwezo wake wa kumbeba mtu siku nzima katika nchi ya mabonde, mitaro na nyua.

Sampuli zinazoshindaniwa zaidi ni nne. Farasi wa mawindo hugawanywa kwa uzito anaoweza kuuchukua: mwepesi ni wa kubeba hadi kilo 79 hivi, wa kati hadi kilo 89, na mzito zaidi ya hapo. Kuna pia farasi mdogo wa mawindo, ambaye kimo chake hakipiti sentimita 158. Huyu hutakiwa kuwa na kifua kirefu, mgongo wenye nguvu na shoti iliyokunjuka. Wa pili ni heki, farasi wa umaridadi, mwenye kimo cha zaidi ya sentimita 148 lakini kisichozidi 160. Asili yake ni matembezi ya wakwasi katika bustani ya Hyde Park mjini London. Mwendo wake ni wa kuteleza, na adabu yake hupimwa kwa ukali kuliko ya mwingine yeyote. Wa tatu ni kobu, farasi mfupi aliyejengeka, mwenye kimo cha kati ya sentimita 148 na 155, ambaye manyoya ya shingo yake hunyolewa. Waingereza husema kwa mzaha kwamba hana budi kuwa na kichwa cha bibi mkubwa na makalio ya mpishi. Wa nne ni farasi wa kupanda, ambaye husimama katikati: ana uzuri unaomkaribia heki na shoti inayomkaribia farasi wa mawindo, ila si yeyote kati ya hao wawili.

Katika huo ukatikati ndimo tatizo linamozaliwa. Achukuliwe farasi mwenye kimo cha sentimita 157. Kwa rula peke yake anaruhusiwa kuingia kundi la heki wakubwa, la farasi wadogo wa kupanda, na la farasi wadogo wa mawindo. Kipimo kimesema kweli, lakini hakijajibu chochote. Jibu hutafutwa kwingine. Mnyama husimamishwa mahali tambarare bila tandiko, akatazamwa kwa mbali ili uwiano wa shingo, bega, mgongo na paja uonekane kwa mara moja. Hupimwa mzunguko wa mguu chini ya goti, kwani mfupa ndio ubebao. Kwa farasi wa uzito mkubwa aghalabu hufikia sentimita 23 au zaidi. Kisha hutazamwa mwendo. Kamusi za Kiswahili zimehifadhi maneno telki, matiti na shoti, na tofauti hizo zinahitajika hapa: farasi ambaye matiti yake ni mepesi na ya chini huelekea kwenye uheki, na yule ambaye umbo lake linakamilika pale tu anapokwenda shoti huelekea kwenye mawindo. Mwisho hupimwa tabia, kwa sababu katika makundi haya manne mwamuzi mwenyewe hupanda farasi asiyemjua. Mnyama asiyevumilia mpandaji mgeni hatafaa hata kama mwili wake hauna dosari.

Uamuzi huu haumhusu mwenye farasi tu. Mtu mwenye farasi mmoja, aliyetumia akiba ya mwaka kwa malisho, viatu vya chuma na usafiri, hushawishika kumwona mnyama wake kuwa yule anayemtaka badala ya yule aliye naye. Asiyebadili kundi huenda akabadili farasi. Mwepesi hulishwa hadi aonekane wa kati; wa kati huvishwa nyama hadi apite kwa mzito. Lakini mafuta si mfupa. Unene wa kupindukia miongoni mwa farasi wa maonyesho ni jambo ambalo waganga wa mifugo wamelilalamikia mara kwa mara, na moja ya hatari zake ni ugonjwa wa kuvimba kwa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato, ambao huleta maumivu makali na waweza kumlemaza mnyama daima. Hivyo kosa la uainishaji, ambalo kwa mwanasarufi huishia kwenye karatasi, hapa hulipiwa kwa mwili wa kiumbe asiyeulizwa.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Yaweza kudaiwa kwamba sampuli hizi ni masalio matupu, kwani kazi zilizoziumba zimetoweka. Ni kweli kwamba hakuna tena haja ya farasi wa kumtembeza mkwasi bustanini ili aonekane na wenzake, na uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Hata hivyo farasi wa mawindo bado anahukumiwa kana kwamba kesho ataruka mtaro. Lakini kufa kwa kazi hakufuti maana ya kipimo chake. Miguu imara, mapafu mapana na moyo mtulivu ni sifa zinazomwezesha mnyama kudumu, iwe anamfuata mbweha au anambeba mpandaji wa kawaida mwishoni mwa juma. Ngeli za Kibantu nazo zimebeba athari za maana ambazo msemaji wa leo hazifikirii, na bado upatanisho wake unamwongoza asipotee.

Hata farasi wa mbio waliostaafu wamepata makundi yao. Huko nasaba ndiyo tiketi ya kuingilia, lakini baada ya mlango ni umbo, mwendo na utii vinavyohukumu. Wapo kati yao ambao baadaye huonekana katika makundi ya heki au ya farasi wa kupanda, bila mtu kuuliza walishika nafasi ya ngapi mbioni.

Kwa mwenye kushuka uwanjani kwa mara ya kwanza, ushauri wa busara ni kuyatazama makundi matatu au manne akiwa nje ya uzio kabla ya kulipa ada ya lolote, kisha kumwomba mtu asiye na mapenzi na farasi wake amtazame mnyama huyo akienda shoti. Iwapo mtu huyo atataja kundi ambalo mwenyewe hakulitarajia, ni heri amsikilize. Kubadili fomu ya maombi ni kazi ya dakika chache. Kumpunguza mafuta farasi aliyelishwa ili awe mwingine ni kazi ya miezi mingi, na ukwato ulioharibika huenda usirudie hali yake.