Jiko la Makaa Katika Usiku wa Waberi

Msafiri anayetoka pwani yetu kwa njia ya Garsen na Hola hufuatana na Mto Tana mwendo mrefu, kisha huvuka daraja na kuingia Garissa. Waberi ni mtaa wa mji huo, na jina lake kwa Kisomali lina maana ya alfajiri.

Garissa ni nchi ya joto, na mgeni hadhani kwamba atahitaji blanketi huko. Lakini mwili uliozoea jua kali huiona baridi upesi. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño ziliufurisha mto, zikaikata barabara ya Nairobi, na watu wengi wakahama makwao. Katika nyakati kama hizo za unyevu na upepo, jiko la makaa lililokuwa uani huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na watoto wakalazwa karibu nalo.

Tulipozuru mtaa huo tulikirimiwa chai ya maziwa na kufukiziwa uunsi katika dabqaad, ambayo sisi wa pwani tunaiita chetezo. Wazee walitueleza habari za herio, nyumba ya fito na mikeka ambayo wafugaji huibeba juu ya ngamia wanapohama. Tuliyatafakari maneno yao. Herio hupitisha upepo kila upande, ilhali chumba cha mawe chenye dirisha la chuma, likishafungwa na nyufa zikazibwa matambara, hakipumui. Moto ni ule ule wa mababu. Kilichobadilika ni nyumba.

Wengi wetu hudhani kwamba hatari ya jiko ni moshi, na kwamba makaa yakishakolea na kuwa mekundu chumba kimesalimika. Sivyo. Makaa yanayowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili ukanyimwa riziki yake ya pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliyelala huenda asizihisi kabisa. Mja mzito na mtoto mchanga wako katika hatari kubwa zaidi. Na hakuna tofauti, yawe makaa ya mti wa mathenge uliojaa kandokando ya Tana, au yale yaliyofinyangwa kwa vumbi la mkaa.

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Katika Surat al-Waqi'a Mwenyezi Mungu ameutaja moto kuwa ni ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa al-Ash'ari, Allah amuwie radhi, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipopewa habari yao, alieleza kuwa moto ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala.

Basi, mama zetu na dada zetu, ambao ndio walinzi wa nyumba, tuushike mwenendo huu. Jiko liwashwe na kupikiwa uani au penye hewa nyingi. Anayetaka kuota moto auote akiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi. Saa ya kulala, jiko na chetezo vitolewe nje, hata kama makaa yamefunikwa jivu, kwani jivu huficha moto wala haliizuii sumu. Chumba cha mzazi wa arobaini kipashwe joto kwa nguo nzito, blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa.

Akionekana mtu amelegea au hazinduki katika chumba chenye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja, kisha akimbizwe hospitali hata akipata nafuu. Mwokoaji asikawie ndani, asije akaanguka naye.

Baridi ya usiku mmoja huondoka kwa kujifunika. Tunamwomba Mola atulinde sisi na watoto wetu, na atuamshe sote salama kwa sala ya alfajiri. Amin.